Neno "Kukamata" na Sarafu Isiyoshikika

Tangu zamani sheria na lugha zimekubaliana juu ya maana ya kukamata mali. Dalali wa mahakama hufika na hati mkononi, akahesabu ng'ombe au akafunga ghala kwa lakiri, na mwenye mali akabaki mikono mitupu. Maana hiyo imetikiswa na sarafu fiche. Bitcoin, iliyoanza kutumika mwaka 2009, haina umbo. Ni maandishi katika daftari ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi duniani, na awezaye kuihamisha ni yule tu aliye na ufunguo wa siri, yaani namba ndefu mno.

Swali la kwanza lilikuwa kama kitu hicho ni mali. Kesi ya Colonial Bank v. Whinney ya mwaka 1885, nchini Uingereza, iligawa mali isiyo ardhi katika mafungu mawili: vitu vishikikavyo na haki za kudai. Sarafu fiche haishikiki, wala hakuna anayedaiwa. Hata hivyo, Desemba 2019 Mahakama Kuu ya huko iliamua kuwa ni mali, ikatoa amri ya kuizuia. Mwaka 2025 sheria ya Bunge ilithibitisha kwamba kitu hakikosi kuwa mali kwa sababu tu hakimo katika mafungu hayo.

Swali la pili ni la utekelezaji. Oktoba 2013 maofisa wa Marekani walimtia nguvuni Ross Ulbricht, mwendeshaji wa soko la Silk Road, katika maktaba ya San Francisco, kompyuta yake ikiwa bado wazi. Kwa njia hiyo serikali ilipata bitcoin zipatazo 144,000. Kinyume chake, mwaka 2021 waendesha mashtaka wa Kempten, Ujerumani, walieleza kwamba walishika bitcoin zaidi ya 1,700 za mtu aliyekwisha kumaliza kifungo chake, lakini hawakuweza kuzihamisha kwa kuwa hakutaja neno la siri.

Hapa ndipo mfasiri anapopaswa kuwa mwangalifu. Amri isemayo "kamateni kompyuta" yaweza kutiiwa kikamilifu, na jioni ile ile sarafu zikaondoka, kwa kuwa mwenzake mshtakiwa anayo nakala ya ufunguo. Yafaa basi vitendo vitatu vitenganishwe. Kuzuia ni kumkataza mtu au kampuni inayotunza sarafu asiihamishe. Kukamata ni kuihamishia kwenye anwani ambayo ufunguo wake uko mikononi mwa mamlaka peke yake. Kutaifisha, neno lililovuma nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ni umilikaji wenyewe kupita kwa dola baada ya hukumu.

Anayeandika "kukamata" mahali pa yote matatu humpa ofisa amri asiyoweza kuitimiza, na mwenye haki hupata karatasi tupu.