Benki za Kiislamu nchini Kenya

Benki za Kiislamu nchini Kenya ni taasisi zinazopokea amana na kugharimia biashara bila riba, chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Kenya. Mlango ulianza kufunguka Desemba 2005, Barclays ilipoanzisha akaunti iliyoitwa La Riba. First Community Bank ilipata leseni mwaka 2007, Gulf African Bank ikaanza kuhudumia wateja mwaka 2008, na DIB Bank Kenya, kampuni tanzu ya benki ya Dubai, ikaidhinishwa mwaka 2017.

Ugumu wa kuzitambua kisheria unatokana na kazi yenyewe, maana benki hizi hununua na kuuza. Mteja anayetaka gari la shilingi 1,000,000 hakabidhiwi fedha. Kwa mkataba wa murabaha, benki hulinunua gari hilo kwanza, na likiharibika kabla ya kuuzwa hasara ni yake. Kisha humuuzia mteja, tuseme kwa 1,200,000, naye alipe 50,000 kila mwezi kwa miezi 24. Bei ikishaandikwa haipandi, hata mteja akichelewa kulipa. Lakini kifungu cha 12 cha Sheria ya Mabenki kinakataza benki kufanya biashara ya jumla au rejareja, wala kumiliki ardhi isiyohitajika kwa shughuli zake. Kifungu hicho kiliwekwa kulinda akiba za watu, ila kikifuatwa neno kwa neno, murabaha haiwezekani.

Kenya haikutunga sheria mpya. Benki hizi zilipewa msamaha wa kutofungwa na kifungu hicho, na vifungu vichache vikarekebishwa ili kuruhusu mapato yasiyo riba kwenye amana na kwenye dhamana za serikali. Msaada ulikuwa wa kweli: Waislamu waliokuwa wakiweka akiba nyumbani kwa kuogopa riba walipata pa kuziweka, na milango iko wazi kwa wasio Waislamu pia.

Uganda ilishika njia nyingine. Bunge lake lilirekebisha sheria ya taasisi za fedha mwaka 2016, likaziruhusu benki hizi waziwazi, ingawa ya kwanza, Salaam Bank, ilipata leseni mwaka 2023 tu. Kenya ilitangulia kwa miaka mingi, lakini msingi wa Uganda ni imara zaidi, kwa kuwa haki iliyoandikwa katika sheria haitegemei msamaha wa mtu yeyote.