Kumbe Sumu ya Panya Ilianzia Kwenye Debe la Damu!

Kile kipaza sauti cha machinga kila mtu anakijua: sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto! Watu wanasimama, wanalipa, wanaondoka na kapakiti kadogo kasikokuwa hata na maandishi. Nani anauliza kilichomo ndani? Na panya akishakula akafa, ile sumu inaenda wapi? Hilo swali la pili ndilo lenye ishu, na stori yake inaanzia mbali sana, kwenye theluji.

Februari 1933, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mkulima mmoja alikuwa anazika ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wanavuja damu ndani kwa ndani mpaka wanakufa. Jumamosi moja, dhoruba ikivuma, akapakia kwenye gari mzoga wa mtamba, debe la maziwa lililojaa damu iliyogoma kuganda, na mzigo wa majani makavu aliyokuwa akiwalisha. Akaendesha kilomita 300 hivi mpaka mji wa Madison kumtafuta daktari wa mifugo wa serikali. Kufika, ofisi imefungwa! Akahangaika mpaka kwenye jengo la chuo kikuu, akamkuta mkemia.

Mkemia hakuwa na muujiza. Alichoweza kumwambia ni aache kuwalisha yale majani. Lakini huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na mkulima hakuwa na malisho mengine. Akarudi kwake na dhoruba ileile, mikono mitupu.

Debe, hata hivyo, liliacha kazi. Mkemia na vijana wake walisota nayo miaka sita. Mwaka 1939 wakainasa kemikali yenyewe: inajitengeneza pale majani ya jamii ya klova yanapoota ukungu. Inaizuia vitamini K kufanya kazi yake, na bila vitamini K damu haigandi.

Mwaka 1945 mkemia akaugua kifua kikuu, akalazwa. Kitandani akawa anasoma historia ya vita vya binadamu na panya, na hapo ndipo wazo likamjia. Sumu za zamani kama aseniki zilikuwa na kasoro moja: zinaua harakaharaka, panya wengine wanashtuka na hawaugusi tena ule mtego. Panya si mjinga! Ila sumu inayochukua siku kadhaa, atajuaje kilichomuua mwenzake?

Mwaka 1948 ikaingia sokoni ikiitwa warfarin, na panya wakafa kweli. Kisha yakaja ya ajabu zaidi: mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya binadamu, kwa kipimo kidogo, kuzuia damu isigande vibaya kwenye mishipa. Mwaka uliofuata rais wa Marekani alipopata mshtuko wa moyo, naye akapewa. Sumu ya panya imefika Ikulu!

Furaha haikudumu. Mwaka 1958, Scotland, wakaonekana panya wanaokula warfarin na kuendelea na maisha kama kawaida. Usugu. Viwanda vikajibu miaka ya 1970 kwa sumu za kizazi cha pili, kama brodifacoum: mlo mmoja tu unatosha, na sumu inakaa kwenye ini kwa miezi.

Noma ilianzia hapo. Panya akila leo hafi leo. Anatembea siku kadhaa, mzito, mlegevu, sumu ikiwa imejaa mwilini. Kwa paka au bundi huyo ni chakula cha bure. Akila mmoja huenda asidhurike. Akila wengi, sumu inajikusanya.

Dunia ilikuja kuliona hilo waziwazi New York. Februari 2023, watu wasiojulikana walikata wavu wa banda la bundi mmoja kwenye bustani ya wanyama. Bundi aliyeishi kifungoni karibu maisha yake yote akaruka, akajifunza kuwinda mwenyewe, akawa staa wa mitandao. Mwaka mmoja baadaye akakutwa chini, karibu na jengo. Uchunguzi ukaonyesha ugonjwa mkali wa virusi vya njiwa, pamoja na aina nne za sumu ya panya mwilini. Uhuru alioupata ulikuwa na panya wengi, na panya wale walikuwa na sumu. Mwaka huohuo jiji likapitisha sheria ya kujaribu dawa ya kuwazuia panya kuzaa badala ya kuwaua, na Novemba nyumba ndogo zikalazimishwa kuweka taka kwenye mapipa yenye mfuniko.

Hapo kwenye mapipa ndipo lilipo jibu ambalo bibi zetu walikuwa nalo zamani. Panya anafuata chakula na pa kujificha. Unga na mchele vikiwa kwenye ndoo ya mfuniko, vyombo visilale vichafu, na taka zikifunikwa, anahama mwenyewe. Panya mdogo anapenya tundu la upana wa penseli, kwa hiyo matundu yanazibwa kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha saruji juu yake. Aliyebaki ndani anawekewa mtego wa kubana, ndani ya boksi lenye tundu dogo, paka asiingize mguu. Gundi haichagui: inanasa mjusi na kifaranga vilevile.

Na paka akila sumu, au panya aliyelishwa sumu, asisubiriwe aanze kutoka damu. Apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja, pamoja na pakiti. Hizi za kuzuia damu kuganda zina dawa yake, vitamini K. Ila kapakiti kasiko na maandishi kanamwacha daktari anabahatisha.

Mtaani, bundi akilia juu ya bati usiku, wengi wanasema ni uchuro na kuokota mawe. Kumbe mara nyingi kafuata panya tu. Kinachobaki ni kama panya huyo alikula sumu, na kwenye jiko la nani.