Miguu ya Watu wa Kariakoo

Leo kijana wako amekuomba ruhusa aende na wenzake kuigiza safari ya askari wa zamani, mzigo mgongoni. Kabla hujamjibu, msikilize babu zetu yaliyowapata.

Mwaka 1914 Wajerumani walifika hadi Gazi, hapo chini yetu, wakazuiwa. Waingereza walikusanya wapagazi, Carrier Corps, nasi tukakiita kikosi hicho Kariakoo. Mwaka 1917 watu wakasombwa kwa nguvu, pwani na bara. Zaidi ya 40,000 hawakurudi, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia. Mtu aliyezoea muhogo alipewa unga wa mahindi, hana muda wala kuni za kuupika ukaiva. Tumbo likaharibika njiani, na mzigo bado uko kichwani! Wengi walikwenda pekupeku, funza wakiwala vidole.

Basi kijana aanze mazoezi wiki sita mbele, siku tatu kwa wiki: kwanza mikono mitupu, halafu mzigo mdogo. Viatu vipya avizoee nyumbani. Ale chakula anachokijua, kilichoiva, na anywe maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, asingoje kiu. Akiwa na homa au anahara, abaki nyumbani hata akinuna.

Akirudi, mkague vidole kama unavyomkagua mdogo wake. Lengelenge msilitumbue, lioshwe kwa maji na sabuni, lifunikwe kitambaa safi.