Umeme wa Mkondo wa Mto: Aina, Sehemu na Mpango Wake katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Maana

Umeme wa mkondo wa mto ni ule unaozalishwa kwa maji yanayotiririka wakati huohuo, bila kuyalimbikiza kwa miezi nyuma ya bwawa. Sehemu ya maji huchepushwa, huteremshwa kwa bomba, huzungusha mtambo, kisha hurudishwa mtoni. Maji yenyewe hayapungui. Kinachovunwa ni nguvu ya kuteremka kwake. Hapo ndipo aina hii inapoachana na mradi wa bwawa. Bwawa la Masinga kwenye mto Tana huhifadhi maji ya mvua kwa ajili ya kiangazi, ilhali mtambo wa Sondu Miriu wa megawati 60, magharibi mwa Kenya, hutegemea zaidi maji yanayopita siku hiyo.

Aina kwa ukubwa

Mgawanyo uliozoeleka una ngazi nne, ingawa mipaka yake hutofautiana kidogo baina ya nchi na nchi. Piko ni mradi usiozidi kilovati 5, unaotosha nyumba chache. Maikro huanzia hapo hadi kilovati 100, kiasi cha kijiji. Mini hufikia megawati 1. Mradi mdogo, kwa maana ya kiserikali, hufikia megawati 10. Mradi wa kijito cha mbali na gridi kwa kawaida huangukia katika ngazi mbili za kwanza.

Vipimo viwili vya msingi

Kipimo cha kwanza ni kimo, yaani tofauti ya urefu wa wima kati ya mahali maji yanapochukuliwa na mahali mtambo ulipo. Urefu wa bomba si kimo: bomba la mita 300 kwenye tambarare laweza kuwa na kimo cha mita 2 tu. Kimo hupimwa kwa mpira wenye maji na rula, hatua kwa hatua, au kwa vyombo vya mpima ardhi.

Kipimo cha pili ni mtiririko, yaani ujazo wa maji unaopita kwa sekunde moja. Kijito kidogo hupimwa kwa ndoo na saa. Mto mpana zaidi hupimwa kwa chelezo: kasi ya kitu kinachoelea huzidishwa kwa eneo la mkato wa mto, kisha jibu hupunguzwa kwa sababu maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Kipimo kimoja hakitoshi. Mpango hujengwa juu ya mtiririko wa kiangazi, si wa masika.

Nguvu kwa kilovati hupatikana kwa kuzidisha 9.81, mtiririko kwa mita za ujazo, kimo kwa mita, na ufanisi wa mitambo. Lita 100 kwa sekunde zikiteremka mita 20, kwa ufanisi wa nusu, hutoa takriban kilovati 10. Kimo kikiwa mita 2, nguvu hiyohiyo hudai lita 1,000 kwa sekunde. Kimo kidogo hulipiwa kwa maji mengi, na maji mengi hudai mfereji, bomba na mtambo mkubwa zaidi.

Sehemu

Banio ni ukuta mfupi unaoinua maji kidogo na kuyaelekeza kando. Chujio huzuia magogo na majani. Mfereji huyapeleka maji kwa mteremko mdogo hadi kwenye tangi la kutuliza, ambamo mchanga hutua. Bomba la shinikizo huyateremsha hadi nyumba ya mitambo, yenye turbaini, jenereta na kisawazisha mzigo, chombo kinachopeleka umeme wa ziada kwenye kipasha moto ili mwendo wa jenereta usibadilike. Mfereji wa kutolea huyarejesha maji mtoni.

Aina za turbaini

Kimo kikubwa chenye maji machache huhitaji Pelton, gurudumu lenye vikombe vinavyopigwa na mchirizi wa maji. Kimo cha kati huhudumiwa na Francis, au na turbaini ya mkato, ambayo karakana za kawaida za kuchomelea huweza kuiunda. Kimo kidogo chenye maji mengi ni cha Kaplan, yenye mapanga mfano wa rafadha ya meli, au cha parafujo ya Archimedes. Pampu ya maji inayozungushwa kinyume ni mbadala nafuu, lakini haivumilii mtiririko unaobadilikabadilika.

Maji ya Malindi na Kilifi

Maji ya eneo hili ni ya aina tatu. Ya kwanza ni mto wa kudumu, nao ni mmoja: Sabaki. Mto huu huitwa Athi huko juu, Galana baada ya kupokea maji ya Tsavo, na Sabaki unapokaribia bahari kaskazini mwa Malindi. Una maji mengi lakini mteremko mdogo, na hubeba udongo mwingi unaopaka ghuba ya Malindi rangi ya kahawia. Udongo huo hula mapanga ya turbaini na kujaza tangi la kutuliza. Viboko, mamba na mafuriko ni mambo ya kuzingatiwa katika usanifu wa banio.

Aina ya pili ni mito ya msimu, kama vile Rare, Ndzovuni, Goshi na Kombeni. Hii hufurika wakati wa mvua na kukauka au kubaki vidimbwi wakati wa kiangazi. Mtambo wake ungelala sehemu kubwa ya mwaka.

Aina ya tatu ni hori, kama ya Kilifi, Mtwapa na Mida. Hori si kijito: ni mkono wa bahari ambamo maji ya chumvi hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku, kwa nguvu zaidi wakati wa bamvua kuliko maji mafu. Nishati yake ni ya kujaa na kupwa kwa maji, na hudai mitambo ya aina nyingine.

Matumizi

Mfano wa Kenya unaotajwa sana ni Tungu-Kabiri, mashariki mwa mlima Kenya, wenye kilovati 18, uliojengwa kwa nguvu kazi ya wanakijiji wenyewe. Umeme wa kiasi hicho hufaa taa, kuchaji simu, kinyozi, uchomeleaji na kinu cha kusaga. Kazi za mchana ndizo zinazoubeba mradi, kwa kuwa mto hauzimwi usiku wala mchana.

Vibali

Kuchepusha maji huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Athari kwa mazingira huchunguzwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, na uzalishaji wa umeme husimamiwa na mamlaka ya kawi, EPRA, chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Chama cha watumiaji wa maji hushirikishwa mapema, maana mkulima wa chini ya banio ana haki ya maji yake. Misitu ya Kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, huepukwa na njia za mifereji na nyaya.

Uamuzi

Mpango kamili huwa na mahali pa kusema hapana. Penye kimo na mtiririko wa mwaka mzima, kama kwenye miteremko ya mlima Kenya, mkondo wa mto hutoa umeme usiku na mchana. Penye tambarare na mito ya msimu, kama sehemu kubwa ya Malindi na Kilifi, jua hushinda: mtambo wa sola wa megawati 40 ulioko Langobaya, Malindi, umekuwa ukilisha gridi ya taifa tangu 2021. Kwa pwani hii, basi, kimo na maji ya kiangazi hupimwa kabla ya kununua bomba hata moja.