Mawe ya Mipaka na Ardhi ya Miungu: Azimio la Athens kuhusu Orgas ya Eleusis, 352/1 K.K.

Katika Ugiriki ya kale, eneo takatifu lilitambulika kwa mpaka wake hata pale ambapo hapakuwa na hekalu. Neno temenos, lililotumiwa kulitaja, huhusishwa na kitenzi chenye maana ya kukata. Jiwe la mpaka, yaani horos, aghalabu liliandikwa maneno machache tu: “mpaka wa patakatifu”. Makala hii inatetea hoja kwamba mamlaka ya jiwe hilo yalitokana na utaratibu uliolisimamisha, na kwamba yaliishia pale utaratibu huo ulipokoma.

Orgas ilikuwa ardhi iliyo kati ya Athens na Megara, iliyowekwa wakfu kwa miungu wa kike wa Eleusis, Demeter na Kore. Thucydides anaeleza kuwa kabla ya vita vya mwaka 431 K.K., Waathens waliwashutumu Wamegara kwa kulima ardhi takatifu, na wakaitaja shutuma hiyo kuwa miongoni mwa sababu za kuwafungia bandari na soko lao.

Mgogoro uliibuka tena katika karne iliyofuata. Azimio la mwaka 352/1 K.K., lililochongwa katika jiwe lililopatikana Eleusis, liliamuru wachaguliwe watu 15: 10 kutoka kwa raia wote na 5 kutoka katika Baraza. Waliapa kuamua pasipo upendeleo wala chuki, mbele ya makuhani wa Eleusis na raia yeyote aliyetaka kuhudhuria. Mawe yaliyotoweka yalipaswa kurejeshwa.

Suala la kuikodisha sehemu iliyokuwa ikilimwa, ili kodi yake igharimie ukarabati wa patakatifu, lilipelekwa kwa mungu wa Delphi. Majibu mawili yanayopingana yaliandikwa katika mabamba mawili ya bati yaliyofanana, yakakunjwa, yakafungwa kwa sufu na kuchanganywa. Moja liliwekwa katika mtungi wa dhahabu, jingine katika mtungi wa fedha. Mungu aliulizwa achague mtungi tu. Hivyo si mjumbe wala kuhani aliyejua kilichochaguliwa. Jibu lilikuwa kwamba ardhi iachwe bila kulimwa.

Utaratibu huu uliwadhibiti wenye masilahi kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo, waamuzi wote 15 walikuwa Waathens. Jirani aliyedaiwa kuvuka mpaka hakuwa na kiti katika tume iliyouamua. Ndiyo maana, kwa mujibu wa Philochorus, upimaji wa mwaka 350/49 K.K. ulihitaji msafara wa jemadari Ephialtes kuelekea Megara. Wamegara waliridhia, na makuhani Lakrateides na Hierokleides wakaiwekea Orgas mipaka; lakini ridhaa inayotolewa mbele ya jeshi ni ushahidi dhaifu wa maafikiano.

Kwa mtafiti na mshauri wa sera, funzo la Orgas ni kwamba usomaji wa jiwe la mpaka hauishii katika maandishi yake. Yafaa pia kuuliza ni nani waliokuwapo liliposimamishwa, na ni nani hawakualikwa.