Vyombo vya Jiko la Kihaya: Majina na Matumizi Yake katika Bukoba na Muleba

Mtu atakaye kujua jiko la watu wa pwani lilikuwaje zamani, aweza kuanza kwa kufungua kamusi ya Kiswahili, na kamusi itamjibu bila taabu. Atakuta mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kukamulia tui, upawa na kata zilizotengenezwa kwa kifuu, kawa la kufunikia chakula, ungo wa kupepetea mchele, kinu na mchi wake. Kamusi ile iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uangalizi wa Frederick Johnson imevihifadhi vyombo hivi vyote, na zile zilizofuata, pamoja na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, hazikuvitupa. Jiko hilo ni jiko la nazi na mchele. Mtoto wa Kamachumu au wa Maruku ajifunzapo shuleni majina ya vyombo vya jikoni hujifunza, bila ya kuambiwa, majina ya vyombo vya nyumba ya Unguja.

Nchi ya Wahaya, iliyo upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, haina desturi ya kupikia nazi. Chakula chake ni ndizi, na kitoweo cha ndizi hiyo kwa siku nyingi ni maharage. Mgomba hupandwa katika kibanja kilichoizunguka nyumba, nao mbuni hupandwa humo humo chini ya kivuli chake. Nje ya kibanja ni rweya, yaani mbuga ya majani, ambako wanawake walilima njugu mawe na kukata nyasi za kutandika ndani ya nyumba. Vyombo vya jikoni vilitoka katika sehemu hizi mbili, isipokuwa chuma na udongo, ambavyo vina habari zake.

Yafaa kuanza na chungu, kwa maana ndicho chombo chenye historia ndefu kuliko vyote. Kihaya huita chungu cha kupikia enyungu, na mwenyeji wa pwani hahitaji mkalimani ili kulitambua neno hilo, kwa kuwa Kiswahili nacho kina nyungu. Neno chungu lenyewe ni la shina hilo hilo la -ungu, lenye kiambishi cha ki- mbele yake. Ni shina la kale sana katika lugha za Kibantu. Vivyo hivyo mafiga, yale mawe matatu ya kutegea chungu: Kiswahili husema figa na Luganda husema essiga, na badiliko hilo la f na s ni la kawaida baina ya lugha hizi mbili. Katika Buganda essiga ni pia jina la tawi la ukoo. Jambo hilo lastahili kuzingatiwa na wale wadhanio kwamba maneno ya jikoni ni maneno madogo.

Ardhi nayo imetoa ushahidi wake. Mwaka 1948 Mary Leakey, pamoja na Louis Leakey, alitangaza habari za vyungu vya kale vilivyopatikana upande wa Kenya, karibu na ziwa, katika kazi waliyoifanya na Walter Owen, aliyekuwa amekwisha kufariki. Vyungu hivyo vina midomo iliyochongwa kwa pembe, mapambo ya michirizi, na aghalabu kibonyeo kidogo kilichotiwa chini ya kitako kwa kidole. Baadaye viliitwa kwa jina la Urewe, mahali vilipopatikana. Vyungu vya namna hiyo hiyo vipo Buhaya. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 Peter Schmidt alichimba katika Katuruka, si mbali na Maruku, na baadaye katika Kemondo, akakuta vyungu vya Urewe pamoja na mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma. Baadhi ya mabaki hayo yamekadiriwa kuwa na umri wa miaka 2,000 na zaidi. Katika Katuruka alichimba mahali penye kumbukumbu ya Mkama Rugomora Mahe, penye mti wa ibada uitwao Kaiija, ambao wazee waliuhusisha na ufuaji wa chuma. Na kweli chini yake ulikutwa ushahidi wa kazi hiyo.

Hata hivyo haifai kuvuka mpaka wa ushahidi. Kigae cha Urewe chathibitisha kuwa palikuwa na mfinyanzi. Hakithibitishi kuwa ndani ya chungu kile palipikwa ndizi. Tarehe ya kufika kwa mgomba katika nchi za Maziwa Makuu ingali ikibishaniwa na wataalamu. Watu wengi wa Buhaya husema kwamba ndizi ilikuwako tangu awali, na ni vigumu kuwalaumu, kwani kila kitu jikoni mwao kimeizoea ndizi. Lakini huenda chungu kilitangulia, na chakula kilichokizoeza jiko kikaja nyuma yake.

Namna ya kupika yenyewe yaeleza kwa nini vyombo vya jiko hili vilikuwa vichache. Mwanamke humenya ndizi mbichi kwa kisu kidogo, hupanga ndizi na maharage katika chungu kimoja, hutia maji, kisha hufunika kwa majani ya mgomba, na kuliacha jiko lifanye kazi yake polepole. Baganda, majirani wa kaskazini, hufunga ndizi ndani ya majani, wakaipika kwa mvuke, kisha wakaiponda. Mhaya kwa kawaida huiacha ndizi nzima. Kwa sababu hiyo mwiko, ambao katika nyumba ya ugali ni alama ya mpishi na fimbo ya nidhamu vilevile, haukupata cheo kikubwa katika nyumba ya Kihaya. Jani la mgomba ndilo lililofanya kazi za vyombo vingi. Lilikuwa kifuniko cha chungu, na kizibo cha kibuyu. Lilikuwa sinia, kwa kuwa chakula kilipoiva kilimiminwa juu ya majani yaliyotandazwa sakafuni na watu wakakizunguka. Na baada ya kula halikuoshwa bali lilirudishwa kibanjani likawa mbolea. Mchunguzi akihesabu vyombo vilivyoangikwa ukutani atasema jiko hili ni maskini, kumbe kabati lake liko nje, limesimama mashambani.

Pombe ya ndizi, yaani rubisi, ilidai vyombo vyake. Ndizi za pombe ziliivishwa, zikatiwa katika hori refu lililochongwa kwa gogo moja, zikakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi hata maji yake yakatoka. Kisha ulitiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, na hori likafunikwa majani ili pombe ichachuke. Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Hori hilo lina umbo la mtumbwi hasa, na Luganda huliita eryato, ambalo ndilo jina la mtumbwi wa ziwani. Msomaji wa pwani asicheke, kwani lugha yake yafanya lile lile kwa kupitia njia nyingine: chombo ni sufuria, na chombo ni jahazi. Watu wawili wasiojuana, mmoja wa ziwa na mmoja wa bahari, wameona kwamba kibebacho vitu juu ya maji na kibebacho maji ndani yake ni jamaa moja. Rubisi ilipokuwa tayari ilitiwa vibuyuni, na wazee waliinywa kwa mrija.

Kahawa nayo haikuwa kinywaji. Tunda la mbuni wa asili, ambao ni wa jamii ya robusta, lilichemshwa chunguni likiwa bichi pamoja na majani yenye harufu nzuri, likakaushwa, likatafunwa. Mgeni alipofika aliletewa kahawa hiyo kabla ya neno lolote la maana kusemwa, na chombo chake kilikuwa kikapu kidogo kilichosukwa kwa uzuri, ambacho hakikutumiwa kwa jambo jingine. Watu walipofanya udugu wa kuchanjiana, tunda moja lenye punje mbili liligawanywa, na kila mmoja akameza punje yake pamoja na damu ya mwenziwe. Kiswahili kina neno la mdila, buli na kikombe kwa ajili ya kahawa ya Mwarabu. Kwa kikapu hiki hakina neno.

Senene walikuwa na desturi ya namna nyingine. Panzi hao huja kwa makundi katika majira ya mvua, hung'olewa mabawa na miguu, hukaangwa kwa chumvi, na waweza kukaushwa wakakaa muda mrefu. Otto Mors aliandika mwaka 1958 juu ya panzi kama chakula katika Buhaya. Kwa desturi ya zamani wanawake waliwakusanya na kuwakaanga, lakini hawakuruhusiwa kuwala. Chungu kilikuwa cha mwanamke na kilichomo kikawa cha mwanamume. Kihaya huita katazo la namna hiyo omuziro. Kiswahili huliita mwiko, neno lile lile la kijiti cha kusongea, jambo ambalo humfanya mgeni wa lugha atafute maana ambayo pengine haipo.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa maji. Emin Pasha alijenga kituo cha Bukoba mwaka 1890. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, na meli zikaunganisha mwisho wa reli na bandari za ziwa. Tangu hapo bidhaa za madukani zilifika Bukoba kwa wepesi kuliko zilivyofika miji mingi ya bara. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kilimo cha kahawa ya kuuza kilienea sana, na fedha ya kahawa ilinunua sufuria, sahani, birika na sinia. Vitu hivi viliingia vikiwa na majina yake ya Kiswahili. Majina hayo nayo yalikuwa wasafiri: sufuria yatoka katika neno la Kiarabu la shaba, nayo ikaendelea kuitwa hivyo hata ilipokuwa ya alumini, sahani ni ya Kiarabu pia, na sinia yakumbusha China. Hivyo Kihaya kilipata maneno mapya kwa vyombo vipya, wala hapana hasara katika hilo.

Hasara iko upande wa pili. Kiswahili kilipopeleka Buhaya majina ya sufuria na birika, kilichukua kutoka huko senene na rubisi, yaani vitu vya kuliwa na kunywewa, lakini hakikuchukua hata jina moja la vile vilivyotumika kuvitengeneza. Henry Muzale, katika kamusi yake ya Kihaya, Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2006, na Shigeki Kaji kabla yake katika orodha ya maneno ya Kihaya ya mwaka 2000, wamefanya kazi ya kukiandika Kihaya. Mtunga kamusi ya Kiswahili hana budi kuamua kama hori la rubisi litaendelea kuitwa hori, neno la kulishia ng'ombe, au kama lastahili kupewa nafasi ile ile iliyopewa kifumbu. Kusema kwamba hivyo ni vitu vya kabila moja si jibu, kwa maana kifumbu nacho kilikuwa cha watu wachache wa pwani kabla ya Kiswahili kuwa cha wote.

Kisu kimebaki. Uyeyushaji wa chuma ulikufa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe na visu vya kutoka ng'ambo vilipokuwa rahisi. Katika miaka ya 1970 Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee waliokumbuka kazi hiyo waijenge tena tanuri, nao wakaijenga. Kisu cha dukani kilishika kazi za kile cha mhunzi wa kienyeji, kibanjani na jikoni pia. Lakini mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uligunduliwa wilayani Muleba, nao huenezwa na vijidudu vinavyoshika katika makali ya kisu kinapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine, na pia na wadudu watuao katika ua dume lining'iniapo chini ya mkungu. Wakulima walishauriwa kukipitisha kisu motoni kila baada ya mgomba mmoja, au kukiosha kwa dawa, na wasikitumie kabisa katika kuondoa ua lile. Kazi hiyo sasa yafaa kufanywa kwa mti mrefu wenye panda, ambao hulishika ua, hulizungusha na kulivunja pasipo chuma kuugusa mgomba.