Agizo la tiba, si wosia

Mwaka 1969 wakili wa Chicago, Luis Kutner, alichapisha makala akipendekeza hati ya kuwaelekeza madaktari wamtibu mtu vipi, na wakome wapi, endapo atapoteza uwezo wa kuamua. Jina aliliazima kwenye mirathi: wosia, ila unaofanya kazi mwenyewe angali hai. Ukitafsiri moja kwa moja unapata "wosia hai", na mimi silitaki.

Kwetu wosia ni nasaha za mzee kwa wanawe, au maandishi ya kugawa mali akishazikwa. Hati ya Kutner haimo humo. Inaanza kazi mgonjwa akiwa kitandani, hajitambui, na akifariki haina kazi tena. Isitoshe, mtajie mgonjwa habari za wosia uone nduguze watakavyokutazama: daktari ameshakata tamaa!

Napendekeza agizo la tiba la mapema. Agizo lina mtoaji, lina anayepaswa kulitii, na aliyelitoa anaweza kulifuta maadamu ana akili timamu. Hilo "mapema" nalo si pambo. Nancy Cruzan wa Missouri alipata ajali ya gari mwaka 1983, asizinduke tena. Wazazi wake walipoomba mpira wa kumlishia uondolewe, shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1990 ilisema jimbo lina haki ya kudai ushahidi ulio wazi wa matakwa yake mwenyewe. Maandishi hayakuwapo. Ilibidi rafiki zake waeleze aliyowahi kuyasema, ndipo jaji akaruhusu; akafariki Desemba ya mwaka huohuo.

Hata hivyo, agizo haliwezi kuona kila kitu. Aliyeandika "nisiwekwe kwenye mashine ya kupumulia" huenda hakufikiria nimonia inayotibika, ambapo mashine ni ya siku chache tu. Hapo anatakiwa mtu. Nitamwita msemaji wa mgonjwa, maana ukisema wakili watu wanawaza mahakama. Kumteua kwa uwakala wa kawaida hakutoshi: katika sheria zilizotokana na za Kiingereza, uwakala huo hukoma pale mtoaji anapopoteza uwezo wa akili, yaani wakati hasa unapohitajika. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2005 ya England na Wales iliweka uwakala unaoendelea hata hapo. Kenya nayo, katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inamtambua mtu ambaye mgonjwa amemteua kwa maandishi aridhie matibabu kwa niaba yake.

Maandishi hayo yana kazi kubwa katika familia zetu, ambako nje ya wodi mjomba, mke na kifungua mimba kila mmoja ana kauli yake. Msemaji si lazima awe mkubwa wao. Awe anayejua mgonjwa anaogopa nini, na asiyesita kulisema mbele ya mjomba. Nakala moja akae nayo yeye, nyingine iwe kwenye faili la hospitali. Iliyofungiwa kabatini na hati za kiwanja hakuna atakayeiona kwa wakati.